Kipi Hakingoji na Kipi Kinangoja Katika Msiba wa Kihindu

Familia nyingi za Kihindu za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala zimetawanyika. Wazee wamebaki katika miji walikozaliwa, watoto wanaishi Leicester, Toronto au Muscat, na wajukuu wanaijua nyumba ya babu kwa picha tu. Mzee akifariki, jambo la kwanza linaloulizwa katika simu ni kama mtoto aliye mbali atangojwa. Nimelisikia swali hilo katika nyumba za jamaa na marafiki, nami nililazimika kulijibu baba yangu alipofariki Dar es Salaam wakati kaka yangu, mtoto wake wa pekee wa kiume, yuko Leicester. Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja nililolishika siku zile: mila zetu zimekwisha kuzigawa kazi za msiba, nyingine hazingoji hata saa chache, nyingine zinaweza kumngoja mtu kwa siku kadhaa, na familia inayoujua mgawanyo huo mzee akiwa bado hai haigombani mbele ya maiti.

Ninazungumzia Wahindu, wala si watu wote wenye asili ya India. Waismailia, Waithnaasheri na Mabohora ni Waislamu nao huzika, ilhali Masingasinga na Wajaini huchoma maiti kama sisi lakini wana ibada zao. Hata miongoni mwetu, Walohana, Wapatel, Wabhatia na Wapunjabi wa Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya dini yetu, hawafanyi kila jambo kwa namna moja. Ninayoyaeleza hapa ni ya nyumba za Kigujarati, kwa kuwa ndizo zilizonilea, na msomaji wa jamii nyingine ya Kihindu atapaswa kumwuliza kuhani wake, ambaye sisi humwita Maharaj, pale anapoona tofauti.

Yasiyongoja huanza kabla pumzi haijakatika. Anayekata roho hutiwa mdomoni matone ya maji ya mto Ganga pamoja na jani la tulsi, ambao ni mrihani mtakatifu, kwa hiyo chupa ndogo ya maji hayo na chungu cha tulsi kibarazani ni vitu vya kuwa navyo nyumbani wakati wote. Maiti hulazwa sakafuni, kichwa kikielekezwa kaskazini kwa desturi ya wengi, na taa ya samli huwashwa karibu yake. Wanaume humwosha mwanamume, wanawake humwosha mwanamke, kisha marehemu huvishwa nguo mpya. Mwanamume huvishwa nyeupe, na mke aliyemtangulia mumewe hupambwa kwa sari nyekundu kama bibi harusi. Baada ya hapo hufungwa juu ya machela ya mianzi, hufunikwa kwa shuka na maua, na wanaume huibeba mabegani wakiitikizana jina la Mungu, "Ram bolo bhai Ram". Yote haya kwa desturi hukamilika siku ile ile kabla ya jua kuzama, na kama kifo kimetokea jioni au usiku, basi maiti huchomwa asubuhi inayofuata. Tunaamini kwamba mwili ukisharudishwa kwenye moto, hewa, maji na udongo, roho huacha kuuzungukazunguka na kuanza safari yake. Kumweka marehemu katika chumba cha baridi kwa siku nyingi ni sawa na kumzuia mtu mlangoni baada ya kuagana naye.

Kwa sababu muda ni mfupi, karatasi zisishikwe na mfiwa. Mteueni mapema mtu mmoja mtulivu, mkwe, mpwa au jirani, ambaye atachukua kibali cha mazishi hospitalini, atawaarifu wasimamizi wa mahali pa kuchomea maiti, atampigia simu Maharaj na kuhakikisha kuni, samli, nazi na kafuri zimefika. Kama kifo kimetokea nyumbani, huyo huyo aanze kwa daktari aliyekuwa akimtibu marehemu na kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Cheti cha kifo, ambacho kwa Tanzania hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kinaweza kufuatwa siku chache baadaye, lakini kisisahauliwe, kwa maana bila hicho majivu hayasafiri na akaunti ya benki haifunguki.

Baba alikuwa amelimaliza swali la kungojana miaka mingi kabla ya kufariki. Alikuwa mtu wa duka la vitambaa, mwenye kusema jambo mara moja tu, na jioni moja mezani alituambia, "Nikifa asubuhi, jioni niwe nimemalizika. Msiniweke kwenye friji kwa ajili ya mtu yeyote. Mwanangu akija, atakuta kazi yake inamngoja." Mama alikasirika kwa maneno hayo kutajwa mbele ya chakula, lakini ndiyo yaliyotuokoa. Kaka alipopiga simu kutoka Uingereza akilia na kuomba tumngoje, sikulazimika kumkatalia kwa niaba yangu mwenyewe. Nilimkumbusha maneno ya Baba, naye akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sawa, dada. Washa wewe." Wazee wenye watoto ng'ambo, ninawaomba mseme jambo hili waziwazi, mkitaja kama mnataka kungojwa au la, na nani awashe moto ikiwa anayestahili hayupo. Msiwaachie watoto wenu wabishane juu ya upendo wao kwenu katika saa ile.

Kuhusu kuwasha moto, kwa desturi ni kazi ya mtoto mkubwa wa kiume, na asipokuwapo hushikwa na mtoto mwingine wa kiume, mjukuu, ndugu au mpwa. Wanawake wa Kigujarati zamani hata hawakufika mahali pa kuchomea maiti. Waliishia mlangoni na kurudi ndani kuoga. Leo binti wengi wanafika, na wengine wanawasha. Waziri Mkuu wa zamani wa India, Atal Bihari Vajpayee, alipofariki Agosti 2018, aliyeuwasha moto wake mbele ya viongozi wa nchi ni binti yake wa kulea, na tangu hapo nimeona ubishi katika nyumba zetu ukipungua. Hata hivyo wapo makuhani wanaokataa. Mwulizeni Maharaj wenu kabla ya msiba, na akikataa mtafuteni mwingine mapema, kwa kuwa saa ya machela kutoka nje haifai kuwa saa ya mjadala.

Nilibebeshwa begani chungu cha udongo kilichojaa maji, nikamzunguka Baba aliyelala juu ya kuni. Kila nilipomaliza mzunguko, Maharaj alikitoboa chungu kwa jiwe, na maji yakachuruzika mgongoni mwangu hadi kwenye vumbi. Baada ya mzunguko wa mwisho nilikiachia kikaanguka nyuma yangu na kuvunjika, bila kugeuka kukitazama. Kisha kila aliyekuwapo alipewa kipande kidogo cha msandali akiweke juu ya kuni. Jirani yetu, mzee wa Kipemba aliyekunywa kahawa na Baba kwa miaka mingi, alikuwa amesimama kando na kofia yake mkononi, hajui kama anaruhusiwa. Maharaj alimfuata mwenyewe, akamtilia kipande cha msandali kiganjani na kumwambia, "Mzee, huyu alikuwa rafiki yako, mpe na wewe." Ninalieleza hili kwa ajili ya majirani Waislamu na Wakristo wanaoogopa kufika: hakuna anayewafukuza, na kuweka kipande hicho hakumfanyi mtu abadili dini.

Penye tanuri la gesi, la mafuta au la umeme, ibada hufupishwa. Moto wa kafuri husogezwa karibu na mwili kwa ishara, kisha anayeongoza hubonyeza kitufe. Kuni hutumika kwa mamia ya kilo na huwaka kwa saa nyingi, tanuri humaliza kwa saa chache. Sioni kosa katika tanuri, na kwa bei ya kuni na hali ya misitu yetu naona familia nyingi zingefanya vyema kulichagua.

Jamaa walio mbali siku hizi hushiriki kwa simu ya mkononi. Mpeni kazi hiyo kijana mmoja tu, asimame mahali pamoja, awaeleze walio ng'ambo kila hatua kwa sauti ya chini, na moto unapokolea aizime kamera. Picha ya moto ule haimfai mtu aliye peke yake chumbani katika nchi ya baridi, asiye na wa kumshika mkono.

Sasa niyaeleze yanayongoja, ambayo ndiyo hasa ninayotaka walio ng'ambo wayajue. Mtoto aliye mbali hukimbilia kununua tiketi ya kuwahi moto, anaukosa, anakaa siku mbili au tatu akiwa amevunjika moyo, kisha anarudi kazini. Ushauri wangu ni kinyume chake: kama huwezi kuuwahi moto, usijitese kwa ajili yake, bali omba likizo itakayokuwezesha kukaa mpaka siku ya kumi na tatu. Siku ya tatu ndiyo ya kuokota mifupa pale palipochomewa kwa kuni, ambapo majivu hunyunyiziwa maji na maziwa, na vipande vya mifupa huokotwa kwa mkono na kuwekwa katika chungu kilichofungwa kwa kitambaa. Kaka aliiwahi siku hiyo. Aliokota kila kipande mwenyewe, polepole, hakutaka kusaidiwa, na ndipo nilipoona kwamba Baba hakusema ovyo aliposema kazi yake itamngoja.

Kwa siku kumi za mwanzo hutolewa pinda, ambayo ni madonge ya wali au unga pamoja na ufuta mweusi na maji. Tunafundishwa kwamba roho iliyoachana na mwili haina umbo, na kwamba pinda za siku hizo ndizo zinazoijengea mwili mwembamba wa kusafiria, kiungo baada ya kiungo. Siku ya kumi na mbili pinda ya marehemu huunganishwa na pinda za baba, babu na baba wa babu, naye huhesabiwa miongoni mwa wahenga. Katika nyumba nyingi siku hizi pinda zote hutolewa kwa pamoja kuanzia siku ya kumi au ya kumi na moja, na hapo ndipo mtoto wa kiume hunyolewa kichwa. Kwa hiyo aliyechelewa moto kwa siku nne au tano bado anakuta kiini cha wajibu wake hakijaguswa. Siku ya kumi na tatu watu hulishwa, sadaka hutolewa, na nyumba hufunguka.

Katikati ya siku hizo kuna sutak, hali ya kujitenga kwa wafiwa. Familia haiendi hekaluni, haigusi sanamu za nyumbani, haihudhurii harusi wala kununua vitu vipya, na hula chakula kisicho na nyama, vitunguu wala thomu. Jioni husomwa Garuda Purana, kitabu chetu cha dini kinachoeleza safari ya roho, au huimbwa nyimbo za dini. Watoto waliolelewa ng'ambo huiona sutak kuwa adhabu. Mimi niliiona kuwa ruhusa. Hakuna aliyetutarajia tutabasamu, tupike au tupokee simu za biashara, na mtu anayefanya kazi Ulaya hapati ruhusa ya namna hiyo mahali pengine popote.

Kwa ndugu walioko Uingereza mambo hugeuka, kwa sababu huko maiti mara nyingi haichomwi mpaka wiki moja au zaidi ipite, kutokana na vyeti na zamu ya ukumbi. Jamii yetu iliyofika huko kwa wingi kutoka Uganda baada ya Idi Amin kutoa siku 90 mwaka 1972, pamoja na waliotoka Kenya na Tanzania, imejipangia njia yake: sala za jioni huanza nyumbani mara tu kifo kinapotokea, na ibada za siku ya kumi na mbili na kumi na tatu hufanywa siku ya kuchomwa au mara baada yake. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa, katika shauri la Davender Ghai dhidi ya baraza la jiji la Newcastle, ilikubali kwamba kuchoma maiti kwa kuni kunaweza kufanyika kisheria ndani ya jengo lenye kuta na paa vilivyo wazi kwa sehemu, lakini wengi bado wanatumia tanuri la kawaida. Kama unafiwa huko, usijilaumu kwa siku zinazopita. Huna mamlaka juu yake, na Maharaj wa huko amezoea.

Majivu ndiyo yanayoweza kungoja kuliko yote. Wazee wetu waliotoka Kutch na Saurashtra, pwani ya Gujarat huko India, kwa majahazi waliambiwa kwamba anayevuka bahari anajitia najisi, na hofu yao kubwa ilikuwa kufia mbali na Ganga. Ndiyo maana familia nyingi bado hupeleka mifupa Haridwar, Prayagraj au Chandod kwenye mto Narmada. Ni jambo jema kwa mwenye uwezo, lakini si deni. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa mwaka 1948 katika mto Nile karibu na Jinja, Uganda, na huko Leicestershire familia hupanda boti kwenda kumwaga majivu katika mto Soar. Maji ya bahari yetu nayo yanapokea. Sisi tulimwaga sehemu baharini asubuhi bamvua likitoka, na kaka akaondoka na sehemu nyingine kwenda India miezi kadhaa baadaye. Anayesafiri nayo achukue cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa maiti, atumie chombo kisicho cha chuma ili mashine ya ukaguzi iweze kuona ndani, akibebe mkononi, na aulize ubalozi na shirika la ndege kabla ya kulipia tiketi.

Kwa majirani na wafanyakazi wenzetu, kosa la kawaida ni kudhani kwamba msiba wetu umekwisha kwa kuwa moto umekwisha. Hatuna turubai barabarani wala watu wa kulala matanga, lakini tuna besnu, kikao cha kuomboleza ambacho hutangazwa kwa saa maalumu, mara nyingi jioni kwa saa moja au mbili, nyumbani au katika ukumbi wa jumuiya. Hapo ndipo pa kuja. Vaa nguo nyeupe au za rangi iliyopoa, vua viatu mlangoni, kaa sakafuni kwenye shuka, unganisha viganja mbele ya picha ya marehemu na mbele ya wafiwa. Maneno ya pole ya Kiswahili yanatosha kabisa. Dakika 15 si haba, na wakati wa kuondoka unganisha viganja tena, utoke bila kuaga. Usione uchoyo kwamba hukupewa chai. Kwenye besnu hatukaribishi mtu kula. Ukiona tangazo linasema desturi za kidunia zimefungwa, maana yake familia inaomba watu waje kwenye sala ya pamoja tu, wala wasibishe hodi nyumbani kila siku.

Rambirambi za fedha nyumba nyingi hazipokei, na bahasha iliyorudishwa isikuvunje moyo. Uliza kama kuna hospitali au shule ambayo familia imeitaja kwa sadaka. Lakini chakula tunapokea kwa mikono miwili, maana siku ya kifo jiko haliwashwi. Ule usiku wa kwanza mke wa yule mzee wa Kipemba alikuja jikoni kwetu na kumwuliza shangazi yangu, "Mwanangu, nyinyi mnakula nini siku kama hii, nisije nikawakosea?" Akaelezwa, akaenda kwake, akarudi na sufuria ya wali uliopikwa pamoja na choroko mpaka ukalainika, hauna kitunguu wala nyama, na kwa sababu aliuliza kwanza, Mama alikula.

Kuhusu Mama nina la kusema kwa uchungu. Zipo bado shangazi na nyanya ambao, maiti ikishatoka, huja kumvunja mjane bangili, kumfuta alama nyekundu ya paji la uso na kumkabidhi sari nyeupe ya maisha. Ndugu zangu, mkatazeni mtu huyo kwa heshima na kwa uthabiti. Watu wawili wakae na mjane, mmoja kila upande, kuanzia saa machela inapotoka, na aulizwe yeye mwenyewe anataka kuvaa nini na kubaki na nini. Mama aliziacha bangili zake za dhahabu mikononi, akavua za kioo mwenyewe usiku, na hakuna aliyethubutu kusema neno kwa sababu binti zake tulikuwa tumekaa pale. Mjane aalikwe pia kwenye harusi ya kwanza inayotokea katika ukoo baada ya msiba, aketi mbele pamoja na wengine.

Jambo la mwisho linahusu tarehe. Ibada ya kila mwaka haifuati kalenda ya ukutani, hufuata tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo ambayo mzee alifariki. Mwombeni Maharaj aiandike siku ile ile, pamoja na jina la mwezi wa Kihindu na kama ilikuwa nusu ya mwezi mchanga au ya mwezi unaopungua. Katika kipindi cha wahenga, ambacho huangukia Septemba na mara nyingine huingia Oktoba, kila familia hupika maziwa matamu yenye mchele na puri kwa tithi ya mzee wake, na kabla ya mtu yeyote kula, sehemu hutolewa nje kwa kunguru, kwa kuwa tunamhesabu kuwa mjumbe wa wahenga. Dar es Salaam hakuna shida ya kumpata, tangu kunguru wa India alipoletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima. Leicester ni vigumu zaidi, na Maharaj amemwambia kaka kwamba ndege yeyote wa bustani anatosha, mradi chakula kitolewe kabla ya adhuhuri ya huko huko aliko.